Paka Wawili Waliozoeana Wasitenganishwe

Jamaa akihamishwa kazi, mara nyingi paka wake wawili hugawanywa: mmoja kwa jirani, wa pili kwa shangazi. Watazameni kwanza. Wakilala pamoja na kulambana, wamezoeana. Mmoja akiondolewa, mwenziwe aweza kulialia na kukataa chakula. Basi watafutieni mtu mmoja wa kuwapokea wote wawili. Wachukuliwe siku moja, pamoja na kitambaa wanacholalia, nacho kisifuliwe, maana paka hujua kwao kwa harufu. Wafungiwe chumbani majuma mawili au matatu, wakipewa chakula, maji na sanduku la mchanga. Wakifunguliwa mapema, huenda wakatoroka kurudi nyumba ya kale, wakapotea njiani. Mara ya kwanza watolewe nje kabla ya kula, ili njaa iwarudishe.