DAWA ILIYOUMIZA MASHINI: namna ya kuokoa ordinateri ya nyumbani



Mara hii somo letu linatoka katika jambo lililofika kwetu nyumbani. Najua limefika kwa wengine pia, kwani kila nikilieleza katika klasi ya tano kuna mkono unaoinuka: "Hata kwetu, mwalimu."

Mdogo wangu aliona kwamba ordinateri ya nyumbani inaenda polepole sana. Mtu akamletea kwenye fleshi programu moja ya bure, ya kusafisha diski na kupanga vitu vyake. Akaianzisha jioni. Batri ya mashini ile ilikufa zamani, inafanya kazi tu kama waya iko ukutani. Saa mbili ya usiku umeme ukakatika. Kesho yake umeme kurudi, ekrani ni nyeusi, na maneno meupe yanasema hakuna kitu cha kuwasha. "Yaya, mimi nilisafisha tu!" Ndani ya mashini ile mlikuwa picha za mwisho za baba yetu, na TFC ya dada yetu, sura tatu, siku kumi na mbili mbele ya kuitoa kwa walimu wake.

Kijana wa jirani alikuja upesi na Windows kwenye fleshi. "Tuweke upya, itapona saa hii." Na hakudanganya, ingepona kweli. Mashini ingewaka muzuri, na TFC ingekufa. Hapo ndipo somo lote liko: kuponya mashini ni kazi moja, kuokoa vitu vilivyo ndani ni kazi ingine, na ya pili inapaswa kutangulia.

Juu ya nini? Tuangalie diski inafanya kazi namna gani. Mfikiri depo ya dawa ya hospitali. Kuna kabati nyingi zenye namba, na kuna daftari la mlinzi wa depo: kinini iko kabati 4, bandeji iko kabati 11 na 12. Mlinzi hatafuti kitu kwa macho, anasoma daftari. Diski ni vile vile. Kila faili (ndiyo kusema kila barua, picha ao wimbo uliowekwa) inakatwa vipande vidogo, na katika diski nyingi za Windows kila kipande ni baiti 4096. Picha moja ya megabaiti 2 inaomba karibu vipande 500, na si lazima vikae pamoja. Daftari ndilo linalojua vipande viko wapi na vinafuatana namna gani. Mpango huu wa daftari unaoitwa NTFS ulikuja na Windows NT katika mwaka 1993, na mpaka leo ndio unaotumika katika ordinateri nyingi za Windows. Humo kila faili iko na ukurasa wake, kwa kawaida wa baiti 1024.

Sasa, programu ya kutunza diski inafanya nini? Inahamisha masanduku kutoka kabati hii kwenda ile, kisha inaandika upya katika daftari. Ao inasoma daftari, inaona mistari isiyopatana, na inaikata. Hakuna programu zingine nyingi zinazogusa daftari namna hiyo, na kwa hiyo kosa lake dogo linaweza kufunga depo nzima. NTFS iko na kinga: mbele ya kubadilisha mstari inaandika kwanza kusudi lake pembeni, ili umeme ukikatika iweze kumaliza ao kurudi nyuma. Lakini programu iliyofanywa vibaya, inayoandika kwenye diski kwa mkono wake yenyewe, inaipita kinga hiyo. Hivyo ilikuwa kwetu, nafikiri.

Msidhani ni programu za bure tu. Katika mwaka 1995 Windows 95 ilitoka na majina marefu ya faili, mpaka herufi 255, wakati mashini za mbele yake zilikubali herufi 8 na 3 za mwisho tu. Majina yale marefu yaliandikwa katika nafasi ambazo programu za zamani za kutengeneza diski hazikuzijua. Zikayaona kuwa makosa, zikayafuta kwa bidii yote! Barua zilibaki, majina yakapotea. Microsoft yenyewe ilitia katika diski ya Windows 95 programu ndogo ya kuweka majina yale pembeni mbele ya kutumia vyombo vya zamani.

Tena katika Desemba 2020 ilitokea kwa chombo cha Microsoft yenyewe, chkdsk, ambacho kila fundi anakitegemea. Kisha badiliko la Windows 10 la tarehe 8 Desemba, lenye namba KB4592438, watu wengine waliandika chkdsk /f ili kutengeneza diski, na mashini ikakataa kuwaka. Hazikuwa nyingi. Microsoft ilikubali kosa, ikalisahihisha katika mwezi ule ule, na kwa mashini zilizokwisha kuanguka ikatoa shauri hili: uache mashini ijaribu kuwaka mara chache mpaka ukurasa wa uponyaji utokee wenyewe, uchague njia za juu zaidi, ufungue dirisha la kuandika amri, uandike chkdsk /f tena pale, kisha exit. Chombo kilichoumiza ndicho kilichoponya, kwa kuanzishwa kutoka nje ya Windows iliyoanguka. Shauri lile lilikuwa zuri kwa sababu ugonjwa ulijulikana. Nyumbani kwetu hatukujua ugonjwa, basi kumpa mgonjwa dawa ile ile kwa kubahatisha ni hatari.

Kwa hiyo tulizimisha. Neno hili nalirudilia: mashini ikianza kusema mambo ya ajabu kisha kusafisha diski, uizimishe. Usiiwashe mara ishirini ili uone. Kila mara Windows inapojaribu kuwaka inaandika vitu, na inaviandika katika kabati inazodhani ni tupu, kwa kufuata daftari lililovunjika. Ikiuliza kama unataka kufomati diski, jibu ni hapana. Ikisema itaanza kuchunguza diski yenyewe, kuna sekunde chache za kugusa kifungo chochote ili kuizuia. Na usiweke programu ya uokozi juu ya diski ile ile. Ni kama kutafuta sindano iliyoanguka katika mchanga huku unamwaga mchanga mwingine.

Kama diski ni ya aina ya SSD, isiyozunguka, haraka ni kubwa zaidi. Katika diski ya kuzunguka, faili iliyofutwa inabaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Katika SSD, Windows inaiambia diski kwamba kabati fulani hazina kazi tena, na diski inaweza kuzifuta kweli kweli. Tena kwa kawaida SSD haiombi kupangwa upya vipande vyake, kwa hiyo mwenye SSD asidanganywe na programu za namna hiyo.

Kisha kuzimisha, tulitafuta vitu viwili: fleshi yenye Linux, na diski ya nje kubwa kuliko diski mgonjwa. Linux inaweza kuwaka kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski ya ndani, na inaweza kuifungua kwa kusoma tu, bila kuandika. Wakati mwingine kazi inaishia hapo: unafungua, unaona faili zako, unazinakili kwenye diski ya nje, unamshukuru Mungu. Sisi tuliona nusu ya picha, lakini sanduku la TFC lilikuwa tupu.

Basi tukafanya kopi ya diski nzima, kabati kwa kabati, hata zile zinazosemwa kuwa tupu. Programu ya kazi hiyo ni ddrescue, ya bure. Unaipa majina matatu: diski mgonjwa, faili kubwa itakayopokea kopi, na faili ndogo ambamo inaandika imefika wapi. Ile ya tatu msiisahau, hasa katika nchi yetu. Wanafunzi wafanye hesabu: diski ya gigabaiti 500, kwa njia ya USB 2 inayopitisha karibu megabaiti 30 kwa sekunde, inaomba sekunde 16 700 hivi, ndiyo kusema zaidi ya saa nne na nusu. Nani kati yetu ana umeme wa saa nne na nusu bila kukatika? Kwetu ulikatika mara tatu. Kila mara tuliwasha tena, ddrescue ikasoma faili yake ndogo na kuendelea pale ilipoachia. (Faili zote mbili zikae kwenye diski ya nje. Na diski ile isiwe ya FAT32, kwani FAT32 haipokei faili inayofika gigabaiti 4. Tulijifunza hilo kisha kupoteza jioni moja.)

Kisha tulifanya kazi juu ya kopi tu, diski ya kweli ikapumzika. Mfaransa Christophe Grenier ameandika programu mbili za bure zinazosaidia hapa. TestDisk inatengeneza mlango wa depo: inatafuta upya mipaka ya sehemu za diski, na inaweza kurudisha ukurasa wa kwanza wa NTFS kutoka kopi yake. PhotoRec haijali daftari hata kidogo. Inapita kabati zote na kutazama faili zinavyoanza: picha za JPEG zinaanza na alama FF D8, na barua za docx zinaanza na herufi PK, kwa sababu ndani yake ni zip. Ubaya wake: majina yote yanapotea, na faili iliyokatwa vipande mbalimbali inaweza kutoka nusu.

Ilitupa faili zaidi ya elfu tisa zenye namba tu. Dada alikaa siku mbili kuzifungua moja moja, mdogo wetu karibu yake, ameshika daftari na kalamu, bila kusema neno. Wale waliotumia chkdsk wataona kitu cha kufanana na hicho katika sanduku lililofichwa linaloitwa FOUND.000: mabaki yenye jina FILE0000.CHK na kuendelea. Msiyatupe. Ukijua ni picha, ubadilishe mwisho wa jina kuwa jpg, mara nyingi itafunguka.

Picha za baba zilirudi karibu zote. Za TFC, sura ya kwanza na ya pili zilirudi nzima. Ya tatu ilikuwa imekatika katikati, ukurasa wa nane. Dada alichukua karatasi alizokuwa amemtolea mwalimu wake mbele ya hapo, zenye masahihisho ya kalamu nyekundu, akaandika upya kurasa zilizobaki kwa ordinateri ya biro, usiku tatu. Ile ya nyumbani iliwekewa Windows mpya siku ya kumi na tatu, na kijana yule yule wa jirani.