Piga Pedali: Kutoka Buhare Hadi Butiama kwa Njia Tulivu

Je, nyumbani kwenu kuna baiskeli? Labda ni ya baba, ile yenye keria kubwa nyuma, inayobeba madumu ya maji asubuhi na mzigo wa dagaa siku ya gulio. Jumapili imeegemezwa ukutani tu, haina kazi. Somo letu la leo linahusu baiskeli hiyohiyo. Huhitaji nyingine ya bei mbaya.

Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate mazoezi ya angalau dakika 60 kila siku. Kupiga pedali ni mazoezi safi. Moyo na mapafu vinafanya kazi, mapaja yanapata nguvu, na magoti hayagongwi kama unapokimbia kwenye mawe. Utajuaje kama unajituma vya kutosha? Jaribu kuongea na rafiki yako mkiwa mnaendesha. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko sawasawa. Ukishindwa hata kujibu "ndiyo", punguza mwendo. Huko si kushindwa, ni kutumia akili.

Sasa twende wapi?

Kama unakaa Buhare, una bahati. Upande mmoja una mji wa Musoma na Ziwa Victoria, upande wa pili una vijiji, mashamba ya mihogo na vilima vya mawe. Anza na safari fupi ya mjini. Nenda mpaka Shule ya Msingi Mwisenge. Hapo ndipo Mwalimu Julius Nyerere alipoanza masomo mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, baada ya kutoka kwao Butiama kwa miguu. Ni kama kilomita 40. Simama kidogo ufikirie, mtoto wa miaka 12, njia ya vumbi, viatu hana.

Wiki inayofuata, geuka upande wa Nyegina. Hii ndiyo njia tunayoipenda zaidi kwa wanaoanza, maana unapita vijijini, magari ni machache, na ukichoka kuna kivuli cha mwembe. Nyegina ni misheni ya siku nyingi. Mwalimu alibatizwa hapo tarehe 23 Desemba 1943 na kupewa jina la Julius. Ukifika usipite kama mwizi. Shuka, sema "Shikamoo", uliza habari za zamani. Wazee wana mambo mengi ambayo hayamo kwenye kitabu chako cha historia.

Butiama iache mpaka umezoea. Ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi, na kwenda ndiko kugumu kwa sababu unatoka usawa wa ziwa, kama mita 1,134 juu ya bahari, na kupanda vilima vya Wazanaki. Huko Mwitongo utakuta kaburi la Mwalimu, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999, na makumbusho yaliyofunguliwa mwaka huohuo. Baba yake, Chifu Burito, alitawala hapohapo. Tena kumbuka, Oktoba 1967, akiwa Rais wa nchi, Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Wewe una magurudumu mawili! Miaka hii ya karibuni wapo waendesha baiskeli wanaotoka Dar es Salaam kabisa hadi Butiama, wakilenga kufika kwa ajili ya siku ya kumbukumbu yake.

Lami ni ya mabasi

Njia ya haraka ya kwenda Butiama ni lami: Musoma hadi Makutano, halafu unaingia barabara ya Butiama. Lakini hapo Makutano unakutana na magari yanayokimbia kati ya Mwanza na mpaka wa Sirari. Malori, mabasi na Noah zilizojaa zinawahi abiria. Dereva wa basi akikupita karibu, upepo wake peke yake unaweza kukuyumbisha. Ndiyo maana tunasema, panapokuwepo njia ya kijijini, pita hiyo hata kama inazunguka. Nusu saa ya kuzunguka si hasara. Uliza wenyeji njia ipi inapitika, kwa sababu baada ya mvua udongo unateleza na makorongo hujaa. Korongo lenye maji yanayokwenda kasi usilivuke hata kama linaonekana fupi.

Pale ambapo lami haikwepeki, kaa kushoto kabisa, mmoja nyuma ya mwingine, msiende sambamba mkipiga stori. Vaa shati la rangi inayoonekana. Helmeti ukiipata, vaa. Ukisikia honi nyuma na mbele kuna gari linakuja, toka nje ya lami usubiri. Usiku usiendeshe kabisa.

Mlima haukimbii

Kabla ya kutoka, kagua baiskeli. Breki zinashika? Raba za breki hazijaisha? Cheni ina mafuta? Tairi zina upepo? Panda kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukibaki umekunjwa sana, kiti kipandishe, maana wengi wanaolalamika magoti tatizo lao ni kiti tu. Beba pampu, spana, kiraka na gundi ya kuziba pancha.

Baiskeli zetu nyingi hazina gia. Basi mlima ukikushinda, shuka usukume. Hakuna atakayekucheka, na akicheka mwache. Hatari yenyewe iko kwenye kuteremka. Usiiachie baiskeli ishuke yenyewe mpaka chini. Anza kufunga breki mapema, ya nyuma kwanza na ya mbele taratibu. Ukiibana ghafla ya mbele peke yake, utarushwa juu ya usukani.

Toka saa 12 asubuhi, upumzike jua la mchana. Kula kabla ya safari: viazi vitamu, uji, ndizi, karanga. Beba lita mbili za maji yaliyochemshwa na unywe kidogo kidogo, usingoje kiu. Kichwa kikianza kuuma, ukasikia kizunguzungu, au mkojo ukawa wa njano iliyokolea, kaa kivulini unywe maji.

Na ziwa je? Umerudi Musoma, una jasho, maji yanang'aa, wenzako wanavua mashati. Subiri kwanza! Kwenye maji ya pembeni, hasa penye matete na konokono, kuna viluwiluwi vya kichocho. Havionekani kwa macho, na vinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Baadaye unaumwa tumbo, choo kinatoka na damu, na ukikaa bila tiba ini linaharibika. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Kama umeshaoga ziwani mara nyingi, nenda zahanati ukapime. Ukitaka kuoga baada ya safari, oga nyumbani kwa maji ya bomba au yaliyokaa ndani ya ndoo siku mbili.

Dada, hili ni lako pia

Tunajua yanayosemwa: "Msichana akipanda baiskeli anapoteza bikira." Si kweli. Bikira haipotei kwa kiti cha baiskeli, wala daktari hawezi kuangalia akajua nani anaendesha. Hedhi nayo haizuii. Vaa suruali, au kaptula ndani ya sketi pana, na angalia pindo lisiingie kwenye cheni. Na wewe kaka, ukisikia ganzi katikati ya miguu, simama juu ya pedali kidogo au ushushe pua ya kiti. Safari kama hizi hazikuondolei urijali.

Dada, kuna jambo jingine. Unaijua lifti ya bure ya kwenda shule? Siku ya kwanza haina malipo. Baada ya wiki mwenye pikipiki anaanza kudai, na anachodai si hela. Wapo wenzako walioacha shule na mimba kwa njia hiyo. Msichana mwenye baiskeli anaweza kusema "asante, nina usafiri wangu" na akaondoka.

Mjadiliane klabuni

Kwenu nani anaruhusiwa kutumia baiskeli, na kwa kazi gani? Je, kaka na dada wanapata sawa? Ikiwa hapana, nani azungumze na wazazi, na amwambie baba nini? Kisha chukueni karatasi, mchore njia ya kutoka shuleni kwenu hadi Nyegina au sehemu nyingine ya historia iliyo karibu. Wekeni alama penye maji safi, penye kivuli, penye fundi baiskeli, na penye mteremko wa kushuka kwa kusukuma.