Kuhama kutoka Buha hadi Pwani ya Viwanda: Sayansi ya Kuchagua Mahali pa Kukaa

Utangulizi

Tangu enzi za ukoloni vijana wa nyanda za juu za Buha, yaani Kasulu na Kibondo pamoja na wilaya zilizogawanywa kutoka humo baadaye, wamekuwa wakisafiri kwenda pwani kutafuta kazi. Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilifungua njia ya kilomita zipatazo 1,250 hadi Dar es Salaam. Mwaka 1944 wenye mashamba ya katani waliunda chombo cha kuajiri vibarua kilichojulikana kwa jina la SILABU, na Waha walikuwa miongoni mwa watu waliochukuliwa kwa wingi kupelekwa Tanga. Vibarua hao waliitwa manamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, jasho lao na la wenzao kutoka sehemu nyingine liliiwezesha nchi kutoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka.

Manamba hakuchagua mahali pa kukaa. Alipelekwa kambini, akaonyeshwa chumba, akalala humo. Anayehama leo yuko katika hali tofauti. Kazi anayoifuata yaweza kuwa katika viwanda vya Dar es Salaam au Mkuranga, au katika saruji ya Tanga iliyoanza kuzalishwa mwaka 1980, au ile ya Mtwara iliyoanza mwaka 2015, au katika shughuli za bomba la mafuta ghafi huko Chongoleani, Tanga, ambako jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2017. Popote aendapo, chumba atakitafuta mwenyewe, aghalabu katika siku chache za kwanza, akiwa na fedha kidogo na bila kuijua nchi ile.

Makala haya yanaeleza jinsi maarifa ya jiografia, fizikia, elimu viumbe na hisabati yanavyoweza kumsaidia katika uchaguzi huo. Kanuni yenyewe ni moja. Hatari za mahali ni za namna mbili: zile ambazo mpangaji aweza kuzipunguza kwa juhudi zake, na zile asizoweza kuzibadili hata kidogo. Mahali pakataliwe kwa sababu ya hatari za namna ya pili. Zile za namna ya kwanza zipimwe na kugharimiwa.

Mafunzo kutoka Buha yenyewe

Suala la mahali pa kukaa si geni katika Buha. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale ulisababisha serikali ya kikoloni kuwahamisha watu waliotawanyika katika misitu ya miombo na kuwakusanya katika makazi ya pamoja. Sababu yake ilikuwa ya kisayansi: mbung'o anayeeneza malale huhitaji kivuli cha vichaka, na watu wengi wakilima mahali pamoja vichaka hupungua. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma nayo iliwahamishia watu wengi katika vijiji vya ujamaa. Katika nyakati zote mbili mahali pa kukaa palichaguliwa na serikali, na mwananchi alitii. Elimu ya kuchagua haikutolewa kwa sababu haikuhitajika. Sasa inahitajika.

Joto na unyevu

Nyanda za juu za Buha ziko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hadi 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa wastani, hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo anayeteremka kutoka mita 1,300 hadi ufukweni atakuta ongezeko la joto kama ifuatavyo:

1,300 ÷ 1,000 × 6 = 7.8, yaani karibu nyuzi 8.

Tena hewa ya pwani ina mvuke mwingi. Mwili hujipoza kwa kukausha jasho, na jasho halikauki upesi katika hewa iliyokwisha kujaa mvuke. Chumba chenye dirisha moja dogo, ambacho Kasulu kingehifadhi joto la usiku kwa faida ya mlalaji, pwani humnyima usingizi. Yafaa kutafuta chumba chenye madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite. Chumba kikikosa sifa hiyo chaweza kubadilishwa kwa kingine katika mtaa uleule, kwa hiyo hatari hii ni ya namna ya kwanza.

Upepo na moshi

Mkazi wa Kasulu akisimama juu ya kilima asubuhi ya kiangazi huona moshi wa mapishi umetanda bondeni kama shuka, haupandi wala hausogei. Usiku hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka na kukaa chini, na hewa yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko. Moshi hunaswa chini ya kifuniko hicho mpaka jua lipashe ardhi joto. Jambo hilohilo laweza kutokea karibu na viwanda katika usiku usio na upepo, hasa mahali palipo bondeni.

Mchana, mwenye amri ni upepo. Katika pwani ya Tanzania pepo kuu ni mbili. Kaskazi huvuma toka kaskazini-mashariki kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi huvuma toka kusini na kusini-mashariki kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba. Kati yake kuna kipindi cha maleleji, pepo zinapogeuka. Zaidi ya hizo, mchana hewa hutoka baharini kuja nchi kavu, na usiku hutoka nchi kavu kwenda baharini, kwa kuwa ardhi hupata joto na kupoa upesi kuliko maji.

Mwanafunzi akichora bomba la moshi katikati ya karatasi na kuweka mishale ya pepo hizo, ataona mara moja kwamba Kaskazi hupeleka moshi kusini-magharibi, na Kusi huupeleka kaskazini na kaskazini-magharibi. Pepo zote mbili huelekea kuusukuma moshi bara. Kwa hiyo, kwa sehemu kubwa ya mwaka, upande wa mashariki wa kiwanda ni msafi kuliko upande wa magharibi. Moshi huufikia upande wa mashariki hasa nyakati za usiku, kwa upepo hafifu wa nchi kavu.

Umbali nao una maana yake. Chembe kubwa za vumbi huanguka karibu na zilikotoka, nazo huonekana juu ya mabati na majani ya miti. Chembe ndogo sana, zile ambazo upana wake hauzidi sehemu 2.5 kati ya sehemu elfu moja za milimita, huelea muda mrefu, husafiri mbali na kuingia ndani kabisa ya mapafu. Haziwezi kufagiliwa wala kuzuiwa kwa pazia. Mpangaji hawezi kuugeuza upepo. Hatari hii ni ya namna ya pili.

Maji ya mafuriko

Katika vilima vya Buha maji ya mvua hupata mteremko na kwenda zake hadi Malagarasi. Miji ya pwani mara nyingi imejengwa juu ya nchi tambarare. Maji huenda polepole, na bahari ikiwa imejaa yaweza kuzuia mto usimwage upesi. Pwani ya kaskazini ina misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Anayetafuta chumba mwezi wa Agosti ataona bonde kavu lenye nyumba za bei nafuu, karibu na kazi, na hatajua kwa nini ni nafuu.

Jibu lilionekana Desemba 2011, pale mafuriko yalipoua watu wapatao 40 jijini Dar es Salaam, wengi wao wakiwa katika bonde la Mto Msimbazi na vijito vyake. Mwaka 2012 serikali ilizigawia familia nyingi viwanja Mabwepande, kaskazini mwa jiji. Huko mafuriko hayakuwapo, lakini kazi ilikuwa mbali, na baadhi ya waliohamishwa waliondoka na kurudi karibu na mjini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na ufuko wa bahari. Kipimo hicho ni cha chini kabisa, maana mafuriko makubwa huweza kuvuka mita 60.

Alama za mafuriko hazifichiki kwa macho yaliyofunzwa: mstari wa matope ukutani, vizingiti vilivyoinuliwa kwa matofali, takataka zilizonasa katika matawi ya miti. Nayo ni hatari ya namna ya pili.

Maji ya kunywa

Kijana aliyezoea chemchemi za Kibondo hudhani kila kisima kirefu ni kizuri. Pwani mambo ni tofauti kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu nyingi zina mwamba wa matumbawe na chokaa wenye nyufa. Maji machafu ya choo hupita katika nyufa hizo bila kuchujwa na kufika kisimani, na hivyo kipindupindu huweza kuenea, kama kilivyoenea kutoka Dar es Salaam hadi mikoa mingi baada ya Agosti 2015. Pili, chini ya maji baridi kuna maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini. Maji baridi huelea juu yake kwa kuwa ni mepesi: uzani wao ukilinganishwa ni 1.000 kwa 1.025. Kutokana na tofauti hiyo, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takribani mita 40 za maji baridi chini yake:

1.000 ÷ (1.025 − 1.000) = 40.

Ndiyo maana visima vikivutwa sana, na maji baridi yakashuka kwa mita 1 tu, chumvi yaweza kupanda kwa mita 40 hivi. Vijidudu huuawa kwa kuchemsha maji au kutia klorini. Chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Pasipo maji ya bomba, mpangaji na ayaonje maji kabla ya kulipa kodi.

Mbu

Wengine huamini kwamba mtu wa nyanda za juu hukutana na malaria pwani kwa mara ya kwanza. Sivyo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 uliukuta Mkoa wa Kigoma ukiwa na kiwango kikubwa cha malaria kuliko mikoa yote ya Tanzania Bara, karibu asilimia 24 ya watoto wa chini ya miaka mitano, ambapo wastani wa nchi ulikuwa asilimia 7 hivi. Chandarua alichokitumia nyumbani na asafiri nacho.

Kilicho kigeni kwake ni homa ya dengi, iliyozuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu wake, aina ya Aedes, huuma mchana, na huzaliana katika maji machache yaliyotuama kwenye matairi, ndoo na vifuu vya nazi. Chandarua cha usiku hakimzuii. Uani pakisafishwa kila wiki, hatari hupungua sana. Basi hii ni ya namna ya kwanza.

Hesabu ya gharama

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa vyumba vitatu, kwa mfanyakazi wa siku 26 kwa mwezi. Chumba A kiko mahali pa juu karibu na kazi, kodi ni shilingi 80,000. Chumba B kiko mbali, kodi ni shilingi 40,000, na nauli ni shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi. Chumba C kiko bondeni karibu na kazi, kodi ni shilingi 30,000, lakini kila baada ya miaka mitano hivi mafuriko huharibu mali ya shilingi 600,000.

A: 80,000
B: 40,000 + (2,000 × 26) = 92,000
C: 30,000 + (600,000 ÷ miezi 60) = 40,000

B kilichoonekana nafuu ni ghali kuliko A, licha ya saa zinazopotea njiani. Lakini jambo zito liko katika C. Hata baada ya kuhesabu mali itakayopotea, bondeni bado ni rahisi kuliko kote. Basi wakaao bondeni si wajinga. Wamepiga hesabu, na kwa shilingi hesabu yao ni sahihi. Kilichokosekana ndani yake ni uhai wa watu, ambao hauna bei ya kugawanywa kwa miezi 60. Ndiyo sababu hatari za namna ya pili hazipaswi kuingizwa katika hesabu ya fedha. Zitumike kwanza kuondoa mahali pasipofaa, kisha hesabu ifanywe kwa mahali palipobaki. Na mahali palipobaki pakiwa ghali, vijana wawili watokao kijiji kimoja waweza kukodi chumba A pamoja, kila mmoja akalipa shilingi 40,000, sawa na gharama ya bondeni.

Mazoezi kwa wanafunzi

1. Tengeneza kielekezi cha upepo, ukisimamishe uwanjani na kuandika mwelekeo wa upepo saa 2 asubuhi na saa 9 alasiri kwa siku 30. Chora matokeo. Kama kiwanda cha matofali kingejengwa karibu na shule, kingefaa kuwa upande gani?

2. Eleza kwa nini moshi wa asubuhi hutanda bondeni, na kwa nini huondoka jua linapopanda.

3. Kisima cha pwani kina maji baridi yaliyo mita 0.5 juu ya usawa wa bahari. Kadiria kina cha maji baridi chini ya usawa huo.

4. Rudia hesabu ya vyumba A, B na C ikiwa mafuriko huja kila mwaka. Je, mpangilio wa gharama unabadilika?

5. Waulize wazee watatu wa kijiji chako waliowahi kufanya kazi pwani, au watoto wao, walikaa wapi na ni nani aliyewachagulia. Gawanya hatari walizozitaja katika namna mbili zilizoelezwa hapo juu.