Mavazi ya Mwindaji: Jangwani na Katika Milima ya Ibaba

Kondoo wa mwitu hawapatikani Tanzania. Makazi yao ni milima mikavu yenye majabali, kama ile ya majangwa ya kusini-magharibi mwa Marekani, na jamaa zao wa karibu huishi katika milima ya Sahara. Mnyama wa Tanzania anayekaribiana nao kwa makazi ni mbuzi mawe, ambaye kwa hakika si mbuzi bali ni swala mdogo wa miambani. Kumwinda bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Hata hivyo, suala la mavazi ya milimani halimhusu mwindaji peke yake. Linamhusu pia mlinzi wa msitu, mpima ardhi, na mwalimu anayewapeleka wanafunzi wake mlimani kukusanya mimea.

Katika jangwa, adui wa mchana ni jua. Hewa ni kavu, jasho hukauka upesi, na mtu atembeaye kwenye joto kali aweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa. Nguo ifaayo huko ni pana, nyepesi na yenye kufunika mwili wote. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu kanzu nyeusi za Mabedui. Ilidhihirika kwamba, ingawa kanzu nyeusi hufyonza joto zaidi kuliko nyeupe, joto lililoifikia ngozi lilikuwa sawa, kwa sababu joto la ziada lilipotea kabla ya kufika mwilini. Upana wa vazi, basi, una maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Usiku mambo hugeuka: kwa kuwa hakuna mawingu wala unyevu wa kuzuia joto la ardhi lisipotee angani, baridi huingia haraka, na mwindaji huhitaji sweta katika mkoba uleule wenye chupa za maji.

Ibaba, katika wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe, ni mahali pa namna nyingine kabisa. Hii ni nchi ya miinuko, na kwa wastani halijoto hupungua nyuzi 6.5 za Sentigredi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza yapata Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Mtu aliyevaa kama mwindaji wa jangwani, yaani shati na suruali ya pamba pekee, ataona raha wakati wa kupanda. Hatari humjia akishalowa na kusimama.

Sababu yake ni maji. Nguo haitoi joto. Kazi yake ni kunasa hewa tuli, na hewa ni kipitishaji hafifu sana cha joto. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Pamba inapolowa, nafasi za hewa hujaa maji na kinga hutoweka. Juu ya hayo, maji hayo yakikauka huchukua joto fiche. Tuchukue nguo zilizonywa gramu 300 za maji. Kila gramu huhitaji kilojuli 2.4 hivi ili igeuke mvuke, yaani jumla ya kilojuli 720. Mtu mwenye kilo 60 hupoteza kilojuli 210 hivi mwili wake unapopoa nyuzi moja. Kwa hiyo, kama joto lote lingetoka mwilini na mwili usizalishe jingine, angepoa kwa zaidi ya nyuzi 3, kutoka 37 hadi chini ya 34. Na hatari huanza chini ya 35. Kwa kweli sehemu ya joto hutoka hewani, na mwili uliotulia huzalisha wati 100 hivi. Lakini kwa kiwango hicho, kilojuli 720 ni kazi ya saa mbili nzima, na upepo hausubiri.

Sufu ni bora zaidi. Huweza kufyonza mvuke hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla haijahisiwa kuwa na maji, na nyuzi zake zilizojikunja huendelea kushika hewa kiasi. Sweta la sufu la mtumba, hata likiwa limechakaa viwiko, linalishinda koti jipya la jinzi. Juu yake livaliwe koti jepesi la kuzuia upepo na mvua. Koti la mpira lina dosari yake: jasho hukosa njia ya kutoka, na mvaaji hulowa kutoka ndani. Afadhali alivue au alifungue anapopanda, kisha alifunge anaposimama.

Kuhusu miguu, mbuzi mawe mwenyewe ni mwalimu mzuri. Husimama kwa ncha za kwato, na nywele zake zina uwazi ndani, hivyo hubeba hewa. Kiatu cha mlimani nacho kiwe na soli yenye meno, kikaze kifundo, na kisiwe kipya siku ya safari. Katambuga hudumu sana barabarani, ila kwenye jiwe lenye maji si za kuaminiwa.

Rangi ya nguo haina uzito mkubwa. Wanyama wengi wenye kwato hawatofautishi vema nyekundu na kijani. Huwatahadharisha zaidi mwendo na harufu.

Jaribio la darasani: chukua makopo matatu yaliyo sawa, uyajaze maji ya nyuzi 60. Moja lifungwe kitambaa kikavu cha pamba, la pili pamba iliyoloweshwa na kukamuliwa, la tatu sufu iliyoloweshwa na kukamuliwa vivyo hivyo; vitambaa viwe na unene uliokaribiana. Yawekwe penye upepo, na halijoto isomwe kila baada ya dakika 5 kwa nusu saa. Chora grafu tatu kwenye jira moja. Je, tofauti kati ya kopo la kwanza na la pili ingekuwaje kama makopo yote yangewekwa ndani ya mifuko ya plastiki iliyofungwa?