Kila Mtu na Ufunguo Wake

Kiranja wa chakula ana ufunguo wa ghala, lakini hana ufunguo wa ofisi ya Mwalimu Mkuu. Si kwamba tunamdhania mwizi. Kazi yake haiuhitaji. Kanuni hiyo yatumika katika kompyuta pia, nami nilijifunza kwa aibu.

Barua pepe za shule huingizwa katika hifadhidata moja ya Microsoft Access, kisha hufutwa sandukuni. Sisi wa Chama cha Kompyuta humsaidia karani. Muhula uliopita nilipewa kazi ya kugawa ruhusa za folda yake, nami kwa uvivu nikampa kila mtu ruhusa zote. Siku moja mwenzetu, akisafisha folda, akaifuta hifadhidata nzima! Nakala yetu ilikuwa ya juma lililotangulia. Katika barua zilizopotea ilikuwamo ya mzazi aliyeuliza hali ya mwanawe mgonjwa. Alingoja jibu, hata akafunga safari kuja mwenyewe.

Kwa hofu nikawaachia wote ruhusa ya kusoma tu. Hilo nalo lilikuwa kosa. Karani hakuweza kuandika neno. Tena, hifadhidata ikifunguliwa na wengi, Access huunda faili ndogo ya kufuli katika folda ile ile, ili watumiaji wasigongane. Asiyeweza kuunda faili hawezi kushirikiana na wenzake.

Basi kipimo chetu sasa ni hiki:

1. Mtumiaji aweza kusoma, kuandika, na kuunda faili katika folda.
2. Hawezi kuifuta faili ya hifadhidata yenyewe.
3. Kubadili ruhusa za wengine ni kazi ya mwalimu mmoja tu.
4. Ruhusa hupewa kundi, si mtu mmoja mmoja.
5. Barua za siri hukaa katika folda nyingine.

Hata hivyo, mwenye ruhusa ya kuandika aweza bado kufuta barua moja moja. Kwa hiyo hapana budi kuweka nakala kila jioni.

Mwaka 1975 wataalamu wawili wa Marekani, Jerome Saltzer na Michael Schroeder, waliandika kwamba kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu zinazotosha kazi yake. Zikizidi ni hatari. Zikipungua kazi hulala.

Mimi namaliza masomo mwaka huu. Nimemwomba mwalimu aliondoe jina langu katika kundi siku nitakapoondoka. Ndugu zangu wa Kidato cha Tatu, nakala za jioni nawaachia ninyi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne