Bromini yenye mionzi ina kazi gani hospitalini?

Swali: Je, bromini ina isotopi zenye mionzi, na zinasaidia nini katika tiba?

Jibu: Bromini ya asili ni thabiti: ni mchanganyiko wa bromini-79 na bromini-81, karibu nusu kwa nusu. Zenye mionzi hutengenezwa. Inayonivutia zaidi ni bromini-76, ambayo nusu yake huoza kwa saa 16 hivi. Kingamwili zinazobeba isotopi huchukua saa nyingi kujikusanya kwenye uvimbe wa saratani; florini-18, isotopi nyingine ya picha za PET yenye nusumaisha ya dakika 110, huwa karibu imekwisha. Baada ya siku nzima, zaidi ya theluthi ya bromini-76 bado ipo, na mashine ya PET, inayopiga picha kwa kutumia pozitroni, huiona. Ila pozitroni zake zina nguvu mno, hivyo picha hufifia kidogo. Bromini-77, ya saa 57, inachunguzwa kwa tiba. Zote mbili bado ni za utafiti, kwa hiyo usitarajie kuandikiwa na daktari wako.