Mkuki Ndani ya Bomba: Nilivyojifunza Kusafiri kwa Ndege na Silaha ya Ngoma

Mara ya kwanza kupeleka mkuki ng'ambo, mkuki haukufika. Sisi tulifika wote kumi na wawili, ngoma zikafika siku ya pili, lakini mkuki ulibaki kwenye uwanja wa kupitia, ambao sitautaja, umeviringishwa ndani ya mkeka na kufungwa kamba kama maiti. Usiku wa onyesho kijana wetu wa katikati, yule anayeruka mbele ya ngoma akiwa na mkuki na ngao, alicheza na mpini wa ufagio tulioupaka rangi nyeusi hotelini. Wenyeji walipiga makofi. Sisi wenyewe hatukutazamana usoni.

Mimi ndiye mtunza vifaa wa kikundi, kwa hiyo kosa lilikuwa langu. Sikumwambia mtu yeyote kwamba ndani ya mkeka mna mkuki. Si kwamba nilitaka kuuficha. Ukikulia Burundi ukauona mkuki kwenye kila sherehe, akili yako inauweka kundi moja na vitambaa vya nyekundu, nyeupe na kijani tunavyovaa. Kwetu ni vazi. Kwa mtu aliyekaa mbele ya mashine ya eksirei ni chuma chenye ncha, urefu wa sentimita ishirini na nane, na mwenyewe hajulikani yuko wapi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kutuona: ngoma ya katikati inaitwa inkiranya, ndiyo inayoongoza, na nyingine zinaizunguka kwa nusu duara. Wapigaji hupokezana katikati, na anayeingia na icumu na inkinzo, yaani mkuki na ngao, anacheza kumbukumbu ya wakati ambapo ngoma zilikuwa za mfalme na zililindwa. Ufalme ulifutwa Novemba 1966, ngoma zikabaki. UNESCO iliingiza ngoma yetu kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014. Lakini hakuna skana ya uwanja wa ndege inayosoma orodha ya UNESCO.

Tena kumbuka uwanja wenyewe. Tunaondokea Bujumbura, kwenye jengo lile la kuba nyeupe ambalo tangu 2019 linaitwa kwa jina la Melchior Ndadaye, rais aliyeuawa na wanajeshi Oktoba 1993. Mei 2015, waliojaribu kumpindua Rais Nkurunziza alipokuwa Dar es Salaam, moja ya amri zao za kwanza ilikuwa kuufunga uwanja huohuo. Neno "silaha" mahali pale si neno la utani. Siwalaumu askari wanaokunja uso. Ningekuwa mimi ningekunja pia.

Sasa, nilivyofanya mara ya pili, tulipoalikwa Ujerumani.

Nilianza na barua, wiki sita kabla. Niliiandikia kampuni ya ndege kwa Kifaransa na Kiingereza, nikauliza mambo matatu tu: je, mnapokea mkuki wa maonyesho kwenye mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege, urefu wa mwisho ni upi, na je, mzigo utakwenda moja kwa moja hadi Frankfurt au nitauchukua Addis Ababa. Swali la tatu ndilo watu wanalisahau. Ukiuchukua mzigo njiani, hata kwa saa moja, umeingia na mkuki kwenye sheria ya nchi nyingine ambayo hukuomba ruhusa yake. Jibu lilipokuja nililichapisha nakala tatu. Barua iliyo ndani ya simu haina faida simu ikizima chaji.

Karatasi nyingine ni za kawaida kwa vikundi vyetu. Tangu amri ya rais ya Oktoba 2017, kikundi cha ngoma lazima kiandikishwe wizarani na kiwe na ruhusa ya kucheza. Amri hiyohiyo ndiyo iliyowakataza wanawake kupiga ngoma, jambo ambalo dada yangu, mwenye mikono mizito kunishinda, hajaisamehe serikali mpaka leo, na mimi niko upande wake. Basi nilichukua ruhusa hiyo, mwaliko wa tamasha, na orodha ya vifaa vyote yenye picha: mkuki umelazwa kando ya futi ya fundi ili urefu uonekane. Orodha nikaipeleka pia kwa watu wa forodha wa OBR, mamlaka yetu ya mapato, kabla ya kuondoka. Sikutaka tukirudi mtu atuambie tumenunua ngoma Ulaya.

Kufunga mzigo ndiko kulikonichukua muda, na hapa nitakaa kidogo.

Kwanza, mkuki wa urithi haupandi ndege. Ule wa babu wa kiongozi wetu, mti umelainika kwa mikono ya watu waliokwisha kufa, unabaki nyumbani. Nilikwenda mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, kwa fundi wa kuchomelea nikamwomba anitengenezee mwingine wa safari. Sentimita mia na sabini nzima, lakini mti wake umegawanywa vipande viwili, na katikati kuna kipande cha chuma chenye nyuzi za kukaza, kama fito za kuvulia samaki wanazouza madukani. Ncha nayo inatoka. Fundi alicheka sana. "Mzee, mkuki wa kukunja? Adui atakusubiri ukaze nati?" Nikamwambia adui wangu ni mizani ya kaunta. Mashirika mengi yanapima urefu, upana na kimo kwa pamoja, na ukipita sentimita 158 umeingia kwenye mzigo mkubwa, unalipia, na mara nyingi unakwenda ndege nyingine.

Pili, kisanduku. Wazo langu la kwanza lilikuwa la mbao. Usifanye hivyo. Kasha la mbao ghafi linaloingia nchi za watu linatakiwa liwe limepashwa moto mpaka moyo wa mbao ufike nyuzi 56 kwa dakika 30, kisha lipigwe muhuri, ili wadudu wasihame. Fundi seremala wa mtaani hana muhuri huo. Nilinunua bomba la plastiki la maji machafu, milimita 110, nikalikata sentimita tisini na tano, nikaweka vifuniko viwili: kimoja kimegundishwa, kingine kina tundu la kufuli. Ndani mkuki umezungushiwa kitenge. Ncha nimeivika ala ya ngozi ya ng'ombe, na juu ya ala nikazungusha kipande cha mpira wa kumwagilia bustani. Hilo ni kwa ajili ya wapakiaji. Mtu anayebeba mizigo usiku hatakiwi kujua kwa kidole chake kwamba umebeba mkuki.

Ila bomba lina ubaya wake. Fikiri linavyoonekana kwenye eksirei: mrija uliofungwa pande zote, vyuma ndani. Hata mimi ningemwita mkubwa wangu. Kwa hiyo nje nilibandika picha ya mkuki pamoja na picha ya kijana akicheza nao, na maneno kwa lugha mbili: kifaa cha sanaa, chuma na mti. Ndani, juu kabisa, nakala ya barua ya kampuni. Ufunguo ulikaa mfukoni mwangu, maana wakitaka kufungua lazima niwepo.

Ngoma zenyewe nitazipita haraka, zinahitaji makala yao. Zilikwenda kama shehena, na kwa sababu ya ngozi ya ng'ombe, ulizia mapema karatasi za mifugo. Na kama kwenye mavazi yenu kuna ngozi halisi ya chui, iacheni Burundi. Chui yuko kwenye daraja la kwanza la mkataba wa CITES, na hapo hakuna barua ya tamasha itakayokuokoa.

Siku ya safari nilifika saa nne kabla. Kanuni niliyojiwekea: mtu wa kwanza mwenye sare asikie kutoka kinywani mwangu, kabla mashine haijamwambia. Nilimwendea askari, nikamsalimia, nikasema: "Afande, nina mkuki wa ngoma kwenye mzigo, na karatasi zake ni hizi." Alisoma polepole, akatazama picha, akauliza kama bado tunapiga mtindo wa Gishora, kilima cha ngoma za kifalme, au tumeuharibu. Tuliongea ngoma dakika tano. Silaha ilikwisha kusahaulika.

Kwenye kaunta ndipo nilipojikwaa. Dada aliyekuwa akipokea mizigo alikuwa akizungumza Kifaransa na abiria wa pembeni, nami nikamwambia kwa Kiswahili changu cha Buyenzi, kwa sauti ya kutosha: "Dada, mkuki uko ndani ya hili bomba." Yule abiria aliruka. Kwa Kifaransa, ukisikia "bomba" kwa mbali, unasikia kitu kingine kabisa. Dada alicheka mpaka machozi, lakini mkubwa wake aliyekuja hakucheka, na ilibidi nifungue kufuli, nitoe kila kipande, nikikaze, nikikazue, nifunge tena. Kwa hiyo pokea ushauri huu kutoka kwa aliyeaibika: uwanjani sema "mrija", sema "kisanduku", au sema lolote lile, bomba liache kwa fundi.

Kisha angalia lebo wanayobandika. Herufi za mwisho ziwe za mji wa mwisho. Yetu iliandikwa FRA, nikapiga picha.

Ujerumani nako kuna jambo. Sheria yao ya silaha, kifungu cha 42a, inakataza kubeba hadharani silaha za kuchomea, lakini inaruhusu kuzisafirisha ndani ya chombo kilichofungwa, na inaruhusu kuzitumia kwenye maonyesho ya jukwaani. Maana yake mkuki hautoki kwenye mrija wake mpaka nyuma ya jukwaa, na unarudi humo kabla jasho halijakauka. Vijana walitaka kupiga nao picha mbele ya kituo cha treni. Nilikataa. Tulipofika Frankfurt nilipita mlango mwekundu wa forodha ingawa sikuwa na cha kulipia, nikaonyesha orodha. Ilichukua dakika kumi.

Kila ninapoisimulia safari hii, mtu huniuliza: na bunduki je? Mara nyingi anayeuliza ana ndugu Marekani anayewinda, au amesikia wawindaji wanaoshuka Tanzania na bunduki zao. Mimi sina bunduki na sitaki, lakini kwa kuulizia mambo ya mkuki nimesikia ya kutosha. Mkondo ni uleule, ila kila kitu kinakazwa zaidi. Bunduki haina risasi ndani, iko kwenye kasha gumu lenye kufuli, inatangazwa kaunta. Risasi ziko kwenye pakiti yake, na kanuni za kimataifa za usafiri wa anga haziruhusu zaidi ya kilo 5 kwa abiria. Kampuni ya ndege lazima ikubali kabla. Halafu kila nchi unayoingia ina kibali chake, na namba iliyochongwa kwenye bunduki lazima ifanane na iliyo kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu.

Kwetu mlango ni mwembamba zaidi. Burundi ina sheria yake ya silaha ndogo na nyepesi ya mwaka 2009, na ni miongoni mwa nchi zilizotia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo inataka raia wasiwe kabisa na bunduki za kufyatua mfululizo wala zinazojipakia risasi zenyewe. Ndugu yako wa Marekani asidhani kibali cha kwao kinasomeka hapa. Kama anakuja kusalimia, aje na zawadi. Bunduki aiache kabatini.

Jambo moja la mwisho kuhusu kurudi, kwa sababu watu hupanga kwenda tu. Onyesho likiisha usiku, vijana wamechoka, ndiyo saa ambayo ncha inatupwa kwenye begi la mkononi. Ulaya kisu chenye makali yanayopita sentimita 6 hakiingii ndani ya ndege na abiria, sembuse ncha ya ishirini na nane. Mimi huhesabu vipande vitano mbele ya kiongozi kabla hatujalala: miti miwili, ncha, ala, ufunguo. Mara ile tulivikuta vinne. Ala ilikuwa shingoni mwa kijana, ameifanya mkufu.

Mrija uko nyumbani kwangu, nyuma ya mlango. Kikundi chochote cha Bujumbura kinachosafiri na mkuki kije kiazime, bure. Kufuli mrudishe, lile nimelinunua kwa pesa yangu.